Sahani ya Pili ya Chaza

Mwezi uliopita nilikuwa Mwigobero, soko la samaki la Musoma, kununua dagaa, nikasikia nyuma yangu sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi: magamba ya ziwani yakimwagwa kutoka kwenye gunia. Si sauti ya kokoto, wala si ya vigae. Iko kati ya hizo mbili, kavu, kama sahani zinazooshwa na mtu mwenye hasira. Kijana mmoja alikuwa akiyamwaga kando ya mashine ya kusaga, yawe chakula cha kuku. Harufu nayo ikafuata, ile ya tope la ziwa lililokaukia juani, nami nikasimama pale na mfuko wangu wa dagaa, nacheka peke yangu. Mama aliyeniuzia akanitazama kwa mashaka, akaangalia mizani yake, akaona haina kosa, akaniacha na wazimu wangu.

Nilichekeshwa na mlo mmoja ulioliwa nyumbani kwa Babu, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa darasa la tano. Nimewahi kuusimulia vipande vipande, kila mara kwa mtu anayetaka kusikia kipande kimoja tu. Leo nitausimulia kwa mpangilio, tangu neno lenyewe lilipoingia darasani hadi lilipofika tumboni mwa Babu.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya ziwa, mwendo wa asubuhi kwa miguu kutoka Musoma mjini. Wazazi wangu walikuwa Bunda, Manyamanyama, ambako baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nami niliachwa kwa babu na bibi ili nisome. Nyumbani tulikuwa wanne. Babu Mafuru alilima pamba kwa amri na muhogo kwa mapenzi. Bibi alikuwa mfinyanzi. Shangazi Nyafuru, dada yake mdogo baba na kitinda mimba wa nyumba ile, ndiye aliyebeba vyungu vya Bibi kwenda kuviuza Mwigobero. Wa nne nilikuwa mimi, ambaye kazi yangu kubwa ilikuwa kuona na kusema.

Nasema ilikuwa kazi kwa sababu Babu alinipa yeye mwenyewe. Alikuwa na redio, lakini betri zilikuwa adimu, kwa hiyo kila jioni kabla ya kula aliniita na kuniuliza, "Haya Nyabise, leo wamesemaje?" Nami nilimpa taarifa ya shule, ya kisimani na ya njiani, kwa utaratibu huo. Nikiruka kitu alijua.

Makombe ya ziwani, yale yenye magamba mawili yanayofungana kama kitabu, yalikuwa vifaa vya Bibi. Alipokwisha kuinua ubavu wa chungu kwa mikono, alichukua gamba moja na kulipitisha taratibu juu ya udongo mbichi mpaka ukalainika na kung'aa. Magamba yaliyochakaa tulikwangulia ukoko wa ugali. Lakini nyama ya ndani hakuna mtu aliyeila. Aliyeila ni korongo, na korongo hakuwa na heshima yoyote kwetu.

Mwalimu Shekuwe alitoka Mkoa wa Tanga. Alianza kazi Butiama, akapanga chumba kwa mfugaji mmoja aliyeitwa Mzee Makuru, kisha akahamishiwa shule yetu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za shamba la shule, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kupita mbele ya neno bila kuliuliza limetoka wapi. Tulikuwa tukimwekea maneno njiani kama watu wanaotega panya, ili saa ya hesabu ipite.

Siku hiyo hatukuhitaji kutega. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa na ukurasa wa viumbe vya baharini, na chini ya picha iliyofanana na jiwe lililopasuka paliandikwa "oyster". Tulilisoma kwa pamoja, kwa sauti ya watu wanaofukuza nyani shambani.

"Ni nini hicho, Mwalimu?" aliuliza Magesa, mtoto wa dawati la nyuma.

"Ni chaza."

"Na chaza ni nini?"

Mwalimu akachora ubaoni. Magamba mawili, kitu laini katikati. Magesa akatazama mchoro, akanitazama mimi. "Mwalimu, hiyo si kombe? Bibi yake huyu anasugulia vyungu."

"Ndugu yake kombe," alisema Mwalimu, na macho yakaanza kung'aa. Tukajua hesabu imekwisha.

Alituambia kwamba neno hilo Waingereza hawakulizaa wenyewe. Walilipata kwa Wafaransa, Wafaransa wakalipata kwa Warumi, na Warumi kwa Wagiriki. Magesa akauliza kama ni Wagiriki wale wa mashamba ya katani. Mwalimu akasema ni mababu zao wa kale sana. Basi kwa Wagiriki hao, akasema, jina la chaza, jina la mfupa na jina la kigae cha chungu yote yalichipuka kwenye shina moja, kwa kuwa vyote vitatu ni vigumu na vikavu mkononi. Na mji wao mkubwa ulipomchoka mtu mwenye cheo, wananchi waliokota vigae, wakaandika jina lake, na aliyepata vigae vingi alifungasha virago akaenda kuishi mbali.

"Na msiwashangae," alisema akijigonga begani. "Hapa mimi nina kombe la bega, ambalo ni mfupa. Ziwani kuna kombe, ambalo ni gamba. Mezani kuna kombe la kupakulia chakula, ambalo ni chombo. Wagiriki na Waswahili hawakuulizana, lakini waliona kitu kilekile."

Mimi niligusa bega langu. Hadi leo sijui somo jingine lililoniingia mwilini namna ile. Wenzangu liliwaingia kwa njia yao: mapumziko yalipofika walikusanya vigae vyote vya uwanjani, wakaandika kwa mkaa jina la kiranja, na kiranja akalia mpaka kengele.

Lakini kabla ya mapumziko Magesa, ambaye maswali yake yote hatimaye yalielekea tumboni, aliuliza chaza analiwaje.

"Mbichi," alisema Mwalimu. "Anafunguliwa akiwa hai, anakamuliwa ndimu, anamezwa. Sisi watu wa Tanga..." Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayemkumbuka marehemu. "Acheni tu."

Jioni nilitoa taarifa yote. Babu alipendezwa na vigae. Alisema kwamba kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, vigae vilivyokuwapo visingetosha, ingebidi Bibi avunje na vyungu vizima.

"Chungu changu hakivunjwi kwa ajili ya mwenyekiti," alisema Bibi. "Muandikeni kwenye mawe. Mawe yapo ya bure."

Nilipofika kwenye kula kitu kibichi, Babu alitema mate pembeni. Shangazi Nyafuru, aliyekuwa akimenya muhogo, alisimamisha kisu.

"Alisema 'sisi'?"

"Alisema, 'Sisi watu wa Tanga.'"

"Akafumba na macho?"

"Akafumba."

"Haya," alisema Shangazi, akaendelea kumenya.

Niwaambie sasa kilichokuwa kinamhusu. Mwalimu Shekuwe na Shangazi walikuwa wamekwisha kuelewana, kwa namna ambayo kila mtu kijijini aliijua isipokuwa Babu, na Babu aliijua lakini hakuwa ameambiwa. Mpinzani wa Mwalimu alikuwa msimamizi wa duka la kijiji. Bwana huyo hakuwa na sura wala maneno, ila alikuwa na ufunguo wa duka, na miaka ile sukari ilikuwa ikionekana kwa msimu kama kumbikumbi. Babu alimpenda sana Shangazi. Sukari nayo aliipenda. Hakuona sababu ya vitu hivyo viwili kugombana. Msimamizi alipoleta maneno ya posa pamoja na kifurushi kizito cha karatasi ya kaki, Babu alikunywa chai siku hiyo kama mtu anayesaini mkataba.

Shangazi akasema hataki. Babu akasema atamsikiliza na huyo mwingine, kwa haki, mara moja. "Lakini huyu Mtanga akileta dharau hata kidogo," alisema, "basi. Binti anaenda dukani."

Mwalimu hakuwa na ndugu karibu, kwa hiyo alimtuma Mzee Makuru wa Butiama awe mshenga wake. Siku ikapangwa, na nyumbani ukaanza wasiwasi wa chakula.

Kwetu chakula cha siku ya posa kilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilimbana mgeni: sahani iliyotoka jikoni kwa mama mkwe hairudishwi na kitu ndani. Kuirudisha sahani ni kumrudisha binti. Ya pili ilimbana mwenyeji: mgeni halishwi kitu ambacho mwenyeji hajakionja mbele yake, ili ionekane hakina sumu wala nia mbaya. Na juu ya hizo mbili, mama mkwe mwenyewe hakai mbele ya mchumba wa binti yake. Anabaki jikoni, watoto ndio wanaopeleka.

"Kuku yupo," alisema Bibi. "Lakini kuku kila mtu anampika. Huyu katoka mbali. Lazima akute na kitu cha kwao, ajue kwamba tumemfikiria." Akanigeukia. "Nyabise, watu wa Tanga wanakula nini?"

Nilijibu kama nilivyofundishwa kujibu, bila kuongeza wala kupunguza.

"Hai?" aliuliza Bibi.

"Hai. Na ndimu."

Bibi aliutazama moto. Yeye alikuwa mwanamke ambaye akishaamua kumpa mgeni heshima, heshima hiyo ilitolewa hata kama ingemwua mgeni. "Basi yatafutwe makombe," alisema.

"Nitayaleta mimi," alisema Shangazi, haraka kuliko nilivyotegemea.

Tulikwenda wote wawili Mwigobero. Wavuvi wa kisiwa cha Rukuba walikuwa wameshusha samaki, na Shangazi akamwendea mmoja aliyemfahamu, akamwambia anataka ndoo ya makombe, yaliyo hai, kesho asubuhi.

"Ya kusugulia vyungu huwaga unaokota mwenyewe," alisema yule mvuvi. "Haya ya hai ya nini?"

"Ya kula."

Mvuvi aliwaita wenzake. Walikuja wakafanya duara. "Mnafuga korongo nyumbani?" aliuliza mmoja.

"Tuna mgeni," alisema Shangazi.

"Mgeni ana mdomo mrefu? Anasimama kwa mguu mmoja?"

"Akisimama nitakuita uje uone."

Walicheka mpaka wenye mitumbwi mingine wakauliza kuna nini, lakini kesho yake ndoo ilifika, na hawakutaka malipo. Walisema kicheko kimetosha.

Shida ya kwanza ilikuwa kuyafungua. Bibi alijaribu kisu, kisha kipande cha bati, kisha ncha ya mkuki wa Babu, na makombe yakazidi kubana kama watu wanaoficha siri. Kuyachemsha kungeyafungua mara moja, lakini neno lilikuwa mbichi, na Bibi hakuwa mtu wa kupunguza neno. Mwishowe aliyaacha ndani ya beseni la maji ya ziwa, akafunika, akaenda kusonga ugali wa muhogo na mtama. Aliporudi na kufunua, alipiga yowe dogo. Yote yalikuwa yamejifungua kidogo, na kila moja limetoa kitu cheupe nje, kama ulimi.

"Yanatucheka," alisema Bibi.

Aliyakata moja moja yakiwa bado yameachama, akayapanga juu ya sahani kubwa ya udongo aliyoifinyanga mwenyewe, akakamulia ndimu. Ndimu ilipogusa, nyama ikajikunyata. Shangazi alisimama mlangoni pa jiko akitazama kila kitu, uso wake mtulivu kama wa mtu anayesubiri zamu kisimani.

Sebuleni walikuwa wanaume watatu. Mzee Makuru wa Butiama alikuwa amevaa koti zito licha ya joto, na tangu alipofika alikuwa akisifia ng'ombe wa Babu, ingawa Babu alikuwa na mmoja tu na alikuwa mgonjwa. Mwalimu Shekuwe alikaa na mikono magotini. Niliwanawisha, nikaleta ugali, nikaleta kuku, kisha nikaleta sahani ile na kuiweka katikati.

Mwalimu aliitazama.

"Mama yake Nyafuru amesikia mnavyokula kwenu Tanga," alisema Babu. "Amesema usijione mgeni."

"Ahsante sana, Baba," alisema Mwalimu, sauti ikitoka mahali pembamba.

"Hii kitu iko hai?" aliuliza Mzee Makuru.

"Ilikuwa hai," nilisema. "Sasa hivi sijui."

Hapo ndipo Babu alipokumbuka sheria ya pili. Niliona inamjia usoni taratibu, kama kivuli cha wingu kinavyokuja shambani. Alitazama sahani, akatazama mlango wa jiko, ambako nyuma ya ukuta wa fito Bibi alikuwa anasikiliza. Kama asingeonja, chakula kingerudi, na kosa lingekuwa la nyumba yake. Mwalimu naye alimtazama Babu kwa matumaini makubwa. Sijawahi kuona mtu akiomba kwa macho namna ile kwamba mzee fulani akose adabu.

Babu akachukua gamba moja. Akalinusa. "Mshenga," alisema, "mgeni mkubwa ni wewe. Tuonje pamoja."

"Ningefurahi," alisema Mzee Makuru. "Ila ukoo wetu tuna mwiko. Hatulagi kitu chenye mlango."

"Chenye mlango?"

"Chochote kinachofungua na kufunga. Tangu mababu."

Babu alimtazama kwa wivu wa mtu aliyechelewa kupata wazo zuri. Kisha akafumba macho, akainua gamba, akameza. Babu alishika goti lake. Mishipa ya shingo ilisimama, ikalala, ikasimama tena. Hatimaye alisema, "Kimeenda," kama mtu anayetoa taarifa ya basi.

Sasa ikawa zamu ya Mwalimu, na asingeweza kukwepa. Alichukua la kwanza, akalimeza bila kutafuna, machozi yakamtoka. Akachukua la pili. Kati ya moja na lingine alikunywa maji, akakata tonge kubwa la ugali, akalisukuma nalo. Jasho lilimtoka hadi kola iliyopigwa pasi ikalegea. Alipofika la mwisho alipumua kwa pua kama ng'ombe wa plau, akalimeza, akaweka gamba chini kwa taratibu. Sahani ilikuwa tupu. Binti hakuwa amerudishwa.

"Vipi?" aliuliza Babu, ambaye alikuwa bado ameshika goti. "Ni kama ya kwenu?"

"Ya kwenu," alisema Mwalimu, "imezidi."

Nilikimbia jikoni na sahani tupu. Bibi alinikumbatia kwa furaha. Kabla sijamaliza kueleza, nikasikia sahani nyingine inawekwa mikononi mwangu, imepangwa vizuri, imekamuliwa ndimu, imejaa kuliko ile ya kwanza. "Peleka," niliambiwa. "Waambie yapo mengine."

Nilipeleka, nikasema, "Yapo mengine."

Mzee Makuru alianza kukohoa ndani ya koti lake. Babu aliinama kana kwamba kuna kitu kimeanguka chini ya kiti. Mwalimu aliitazama sahani ya pili kwa muda mrefu. Mkono wake ulinyanyuka, ukaenda hadi ukingoni mwa sahani, ukasimama. Kisha ukarudi gotini.

"Baba," alisema. "Mimi kwetu ni Lushoto."

"Naam, Tanga."

"Mkoa ni Tanga. Lakini sisi ni watu wa milimani. Kuna baridi na ukungu. Tunakula maharage, ndizi, viazi. Bahari nimeiona kwa mbali, dirishani mwa basi, nikaogopa. Chaza sijawahi kumwona tangu nizaliwe, ila kwenye kitabu. Darasani nilijisifu. Hii ya kwanza nimekula kwa sababu ni heshima yenu. Hii ya pili nikila, nitakuwa nakula uongo wangu. Nisameheni. Kama sahani ikirudi nami nikamkosa binti, basi nimeyataka mwenyewe."

Nje kuku walisikika wakiparura. Nilijua neno la Babu kuhusu dharau. Nilijua na kifurushi cha karatasi ya kaki kilikuwa wapi, juu ya kabati. Nikaanza kulia kwa ajili ya Shangazi, kimyakimya, kwa pua.

Babu alinyanyua kichwa. "Hujawahi kula?"

"Sijawahi, Baba."

"Kwenu hakuna anayekula?"

"Hakuna."

"Basi mimi," alisema Babu, sauti ikianza kutetemeka, "mimi, mzee mzima, nimemeza ile kitu kwa ajili ya nani?"

Mzee Makuru ndiye aliyeshindwa kwanza. Kicheko kilimtoka kama maziwa yanayofurika sufuriani. Babu akafuata. Alicheka akishika tumbo, na katikati ya kicheko akaacha ghafla, akashika tumbo kwa namna nyingine, akasimama, akatoka mbio.

Sasa lazima niwaambie habari za choo. Kampeni ya vyoo ilipopita, kila kaya iliamriwa kuchimba, na Babu alichimba kizuri, akakizungushia ukuta wa nyasi, kisha akakifanya ghala la majembe, kwa kuwa aliona ni aibu jengo jipya kutumika kwa jambo kama lile. Siku hiyo majembe yaliruka nje moja baada ya jingine. Dakika chache baadaye Mwalimu naye alitoka mbio, akakuta mlango umefungwa, akabaki amesimama pembeni, amekunja miguu, anaimba wimbo wa shule kwa sauti ya chini.

Mzee Makuru aliwafuata kwa mwendo wa mshenga. Akasimama kati ya ukuta wa nyasi na kijana wake, akakohoa kwa adabu.

"Mzee mwenzangu," aliita, "tulikuwa hatujamaliza maneno."

"Sema upesi," ilijibu nyasi.

"Huyu kijana amekosa, amekiri. Unasemaje?"

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa nje. Anangoja."

"Anaumwa?"

"Anaumwa sana, Baba," alisema Mwalimu mwenyewe.

Sauti ya Babu ikatoka, nzito, ya mtu aliyekwisha kupima mambo yote ya dunia. "Mtu mliyeumwa naye tumbo moja si mgeni tena. Mpe binti. Na mwambie asiondoke, natoka sasa hivi."

Posa nyingi hukubaliwa sebuleni, kwa mikono kifuani. Ya Shangazi Nyafuru ilikubaliwa kutoka chooni. Harusi ilifungwa baada ya mavuno ya pamba, na msimamizi wa duka, ambaye hakuwa na kinyongo, alileta sukari kama zawadi. Babu alisema ni kijana mzuri sana, inasikitisha tu kwamba hakuwa na dada wa kuolewa na mtu wetu.

Kwa miaka mingi niliuhifadhi mlo ule hivyo: wanaume wawili waliomeza kitu wasichokitaka kwa sababu ya adabu, na Babu aliyepima, akahukumu. Shangazi katika kumbukumbu yangu alikuwa jikoni, anasubiri kuambiwa maisha yake yameamuliwaje.

Nilikuwa nakaribia kuolewa mimi, tumekaa nyumbani kwa Shangazi, Bunda, tunachambua mchele, nilipomuuliza kama siku ile aliogopa.

"Nilijua hajawahi kula," alisema bila kunyanyua macho kwenye ungo. "Siku za mwanzo kisimani alinieleza habari za ukungu wa kwao, mpaka nikasikia baridi. Alisahau kama aliniambia."

"Shangazi! Na ulikwenda mwenyewe kuagiza?"

"Nilikwenda." Akapepeta, pumba zikaruka. "Sahani ya kwanza ni ya heshima. Mtu yeyote aliyelelewa angeimaliza. Mimi nilikuwa naingoja ya pili."

Mikono yangu ilisimama ndani ya mchele. Nilikuwa shahidi wa mambo yote ya siku ile, nikiwa na macho makali kuliko watu wote kijijini, na sikuwa nimewahi kujiuliza ni mikono ya nani iliyoniwekea sahani ile. Siku zote nilisema ni Bibi.

"Na kama angeimaliza?"

"Ningeolewa dukani." Alisema hivyo kwa utulivu uleule wa mlangoni pa jiko. "Anayemaliza sahani ya pili ili alinde uongo mdogo, ukija uongo mkubwa atamaliza nyumba. Sukari angalau ingekuwepo."

Mwalimu Shekuwe amestaafu sasa. Katika harusi za ukoo hukosi kumwona akisimama na fimbo yake ili awape vijana mawaidha, na mawaidha yake ni yaleyale. Anaanza na Wagiriki, anapita kwenye mfupa na kigae, anafika kwenye sahani. Huwaambia wamheshimu mama mkwe kuliko viumbe wote, kwa kuwa wake yeye, Mungu amlaze pema, alimpenda tangu siku ya kwanza: hata kabla hajaomba, alimwongezea sahani ya pili.

Watu hupiga makofi. Shangazi, aliyekaa karibu naye, hupiga kuliko wote.